Vidonge Vitatu kwa Daku

Jumatatu, 9 Februari

Daftari hili lilikuwa la Afnan, la hesabu. Kaandika kurasa mbili akalichoka. Nimezichana hizo mbili, sasa ni langu. Atakayeliokota ajue mwenyewe ni Abdulwakil wa Hayes, huku kwa Waingereza, mzaliwa wa Wete, kijana anayebeba maboksi mengi ghalani kuliko wanaume wawili wa Kipolandi wakichanganywa, na skuli aliiachia kidato cha pili kwa sababu walimu walishindwa kwenda naye sawa.

Naandika kwa kuwa kesho naingia kwenye elimu kwa mlango wa mbele. Mwezi uliopita alikuja ukumbini kwetu dokta mmoja mwanamke, Dokta Mwende, Mkenya wa Kitui. Akasimama mbele ya wazee akasema anaipima mizizi ya mtunguja: je, kweli inatuliza maumivu kama bibi zetu walivyosema, na je, haimdhuru anayeitumia? Anatafuta watu wazima wenye afya wajitolee. Wazee wakaangalia viatu. Mie mkono ulikuwa juu hata hajamaliza sentensi.

Shangazi Ummukulthum alitoa kitambaa akafuta macho. Ndiye ninayekaa kwake, mimi na yeye na bintiye Afnan. Magoti yake yamekwisha. Vidonge vya maumivu vya hospitali vilimtoboa tumbo, akalazwa, daktari akamwambia asiviguse tena. Mtunguja anaujua tangu utotoni lakini hauonji, kwa sababu dada yake alikunywa mizizi ya kuchemshwa kwa kukisia, sijui ya mti gani, akafa na miaka ishirini. Kila siku nasikia neno lilelile: akipatikana wa kuupima, atakunywa. Anaswalia kwenye kiti cha jikoni. Anachotaka duniani ni kuweka paji la uso chini kwenye mswala.

Basi aliyepatikana ni mie.

Jumanne, 10 Februari

Mashine yao ya kupimia maumivu, iliyonikosesha usingizi, ni ndoo. Ndoo ya maji na barafu! Unatia mkono mpaka juu ya kifundo. Ukianza kuumwa unasema "sasa". Ukishindwa unautoa. Dakika tatu zikifika wanakutoa wenyewe. Leo ni kabla ya dawa, ili wajue mtu alianzia wapi.

Anayeshika saa ni Mzee Darshan, Singasinga wa Southall aliyezaliwa Nakuru, Kiswahili chake cha huko huko. Nikamuuliza aliyetangulia kakaa muda gani. Hakutaka kusema. Nikambana, akasema dakika moja na kidogo.

"Lakini hii si mashindano, kijana," akaniambia. "Ukisikia uchungu, sema."

Niliusikia sekunde ya tano. Kufika ya ishirini mifupa ilikuwa inalia. Sikusema "sasa". Nilimwangalia Mzee Darshan kwenye kilemba, nikatabasamu, nikakaa dakika tatu kamili. Aliandika, kisha akanitazama tangu miguuni. Kwenye basi nilikaa na mkono kwapani na machozi yananitoka. Nikasingizia upepo.

Halafu fomu. Dokta Mwende aliisoma mwenyewe, taratibu. Vidonge ni vitatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni, kila kimoja na chakula, saa sita baina yao, na kichupa kikae kwenye friji. Wengine watapata mtunguja, wengine unga mtupu, hata yeye hajui nani kapata nini. Anayefunga Ramadhani asiingie kundi hili, asubiri la mwezi wa nne. Akaniuliza kama nitafunga.

Mwezi wa nne? Nilishawaambia watu wote. Ghala zima linajua.

Nikasema sifungi. Akauliza tena, akasema kusubiri si kosa. Nikamwambia mie si mtu wa dini kiasi hicho. Ulimi haukuteleza hata kidogo.

Nyumbani Shangazi naye kauliza, na saumu je? Nikasema dokta karuhusu.

Jumatatu, 16 Februari

Vidonge vimeanza. Vina harufu ya kamba iliyolowana. Vyangu si unga, niwekeeni dau.

Wametupa na kijitabu cha kujaza kila siku: kichwa, tumbo, moyo, usingizi, sifuri mpaka kumi. Nimejaza sifuri zote kwa kalamu ya buluu. Nzuri kama shanga.

Jumatano, 18 Februari

Ramadhani. Mvua na baridi. Mpango: kimoja jioni, viwili kwa daku kabla ya alfajiri, cha mchana na cha asubuhi pamoja. Tatu ni tatu.

Ijumaa, 20 Februari

Mpango umeharibika. Shifti yangu inaanza saa saba mchana, natoka saa tatu usiku. Nafuturu ghalani kwa tende na sambusa, kichupa kiko kwenye friji nyumbani. Nikirudi nakula kama nimetoka jela na kulala na soksi. Cha jioni nimekisahau siku mbili. Kijitabu kimejaa alama za "nimekunywa", na wanahesabu vinavyobaki kichupani, kwa hiyo lazima viishe.

Jumamosi, 21 Februari

Vyote vitatu kwa daku, pamoja na uji. Vimeshuka vizuri tu.

Jumatatu, 23 Februari

Saa mbili asubuhi moyo ulikuwa unakimbia kama mtu anayekosa treni. Ulimi umekufa ganzi mpaka adhuhuri. Nimebeba maboksi nikiona nyota. Gervais, mwenzangu ghalani, kaniuliza kama nimelewa. Mie!

Kijitabuni: sifuri.

Jumanne, 24 Februari

Ndoo ya pili. Sasa sikiliza kitu cha ajabu. Nilitia mkono nikajiandaa kuuma meno, nikangoja uchungu, haukuja. Sekunde thelathini, nusu ya ndoo ni barafu, na mkono uko kama wa mtu mwingine. Ulianza kuuma dakika ya pili imeshapita, na hata hapo ni kuuma kwa adabu.

Mtunguja unafanya kazi. Wallahi unafanya kazi.

Nikakaa dakika tatu bila shida. Mzee Darshan akaandika dakika tatu. Akafungua karatasi ya siku ya kwanza. Dakika tatu.

"Hakuna tofauti," akasema.

Nilijifuta mkono.  Ningemwambia nini? Kwamba ya leo ni kweli na ile ya kwanza nilikuwa najionyesha kwake, mzee wa miaka sabini?

Nimerudi kwa miguu kutoka stesheni ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, 26 Februari

Shangazi anawatumia watu sauti kwenye simu mpaka Wete. "Mtoto wa kaka yangu anafunga, anabeba mizigo, na bado anawatolea watu mwili wake." Nilikuwa bafuni, nimesikia yote. Nikafungua maji.

Jumapili, 1 Machi

Vitatu. Kichefuchefu. Sifuri.

Jumanne, 3 Machi

Wametoa damu, chupa nne. Ndoo, dakika tatu. "Hakuna tofauti."

Alhamisi, 5 Machi

Dokta Mwende kapiga simu mwenyewe, asubuhi, kaniambia nisinywe kidonge kingine na nije na kichupa.

Vipimo vya ini vyangu vimepanda mara nne ya kawaida. Kawaonyesha wenzake, wakafungua bahasha ya siri ya nani kapata nini: ni kweli nilikuwa napewa mtunguja. Akaniuliza kama nakunywa pombe. Nikamwambia asinivunjie heshima. Akaniuliza panadoli, dawa za mazoezi, mitishamba mingine. Hapana, hapana, hapana. Akaniuliza kama nimevinywa vidonge kama alivyoagiza.

Nikasema ndiyo.

Hakuonyesha kunishuku. Ingekuwa afadhali angenishuku. Alinipimia presha kwa mkono wake, akasema pole, akasema ini la kijana hurudi haraka, nisiogope. Kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mwenyeji wake, kuwa kamati ya usalama inakaa Jumatano ijayo. Mtu mmoja mwenye ini la namna hii kwa dozi ndogo hivi anatosha. Watasimamisha kila kitu.

"Miaka kumi na moja ya kuutafiti," akasema. "Lakini kama mtunguja unaumiza watu, bora tujue."

Mlangoni Mzee Darshan akanipa chungwa la kula njiani. Nikalichukua, nikaliweka mfukoni, kwa kuwa nilikuwa nimefunga.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwambia Shangazi nusu: ini limepanda, huenda jaribio likasimamishwa. Nilidhani atalia kwa ajili ya magoti yake. Alikaa kwenye kiti chake, akataja jina la dada yake mara moja, kisha akasema Alhamdulillah.

"Wewe umeumia ili mie na wengine tusife. Mungu akulipe, mwanangu."

Amenikataza kufunga, mgonjwa hafungi. Adhuhuri, yeye na saumu yake na magoti yake, kasimama jikoni ananipikia supu. Kaniangalia mpaka nimemaliza bakuli. Sijapata kula chakula kigumu kumeza kama ile supu, na ilikuwa laini.

Jumamosi, 7 Machi

Supu.

Jumapili, 8 Machi

Supu. Afnan, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza chake cha Hayes, kaniuliza mbona siku hizi sijisifu, naumwa nini hasa. Nimemwambia ini. Kasema ini halizibi mdomo.

Mtoto ana miaka kumi na sita. Anatisha.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepiga hesabu, mie niliyeikimbia hesabu. Wanaoshiriki ni arobaini. Thelathini na tisa wamekunywa kimoja kimoja na chakula. Mmoja kameza vitatu kwa mpigo, kisha kakaa saa kumi na tatu bila tone la maji, anabeba maboksi. Ini la huyo mmoja ndilo litakalopelekwa kamatini kuzungumza kwa niaba ya wote.

Na mkono wa huyo mmoja, uliopata nafuu ya kweli, umeandikwa hakuna tofauti.

Nimeharibu pande zote mbili. Hata mtu aliyesoma asingeweza kuharibu kwa ukamilifu namna hii.

Shangazi kamwambia rafiki yake kwa simu kuwa mtunguja ni sumu, keshaondokana nao, awaambie na wengine. Kesho naenda.

Jumanne, 10 Machi

Nilifika saa tatu kasorobo, nikakaa kwenye benchi la nje, nikanyanyuka nikaenda mpaka kituo cha basi, nikarudi. Mara mbili hivyo. Mara ya tatu Dokta Mwende alikuwa anaingia, akaniona, akadhani nimezidiwa. Akanishika mkono kunipeleka ndani. Ndani ya korido hiyo, mkono wake uko kwenye kiwiko changu, nikasema.

"Nimefunga, Dokta. Tangu siku ya kwanza. Na vidonge nilikuwa nameza vyote vitatu kwa daku."

Akaniachia kiwiko. Tukaingia ofisini kwake, akakaa bado amevaa koti.

"Vitatu kwa wakati mmoja?"

"Ndiyo."

"Kisha huli wala hunywi mpaka jioni."

"Ndiyo. Na moyo ulikuwa unaenda mbio, na ulimi ganzi, na nilijaza sifuri."

"Nilikuuliza mara mbili, Abdulwakil."

"Ndiyo."

"Ningekuuliza mara ya tatu ungeniambia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa imefika mpaka kwenye meno.

"Hapana," nikasema.

Akauliza kwa nini.  Nilimwambia nilikuwa nimeshawatangazia watu. Ukilisikia kwa sauti ni jambo dogo mno, dogo kama punje, na limekaa juu ya miaka yake kumi na moja. Hakunifokea. Aligeuza uso dirishani, kule kwenye magari ya wagonjwa. Kisha akavua koti, akatoa kijitabu changu na kalamu nyekundu, akanisogezea. Sifuri hazifutwi, akasema, sheria haimruhusu kufuta. Nipige mstari mmoja juu ya kila moja, niandike pembeni ukweli, tarehe ya leo, na sahihi.

Siku kumi na nane. Sahihi yangu nilikuwa naipenda, ina mkia. Kufika ya kumi niliuona ule mkia wa kipumbavu.

Mzee Darshan aliitwa awe shahidi. Nilipomaliza akaniuliza kama kuna kingine. Nikatazama sakafu.

"Ndoo," nikasema. "Ile ya kwanza iliniuma sekunde ya tano."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulivua viatu, ulikuwa na kandambili za hospitali. Mtu asiyesikia uchungu hakunji vidole vya miguu hivyo." Akachukua karatasi zake. "Mimi naandika kile mtu anasema. Siandiki vidole."

Jumatano, 11 Machi

Kamati imekaa. Jaribio halikufutwa. Limesimama wiki mbili, na kila mshiriki anapigiwa simu kuulizwa upya, bila lawama, kama anafunga.

Jioni Dokta Mwende kanipigia. Wamepatikana wengine wawili, mama wa Kipemba na mzee mmoja Msomali. Wao walikuwa wanameza viwili viwili. Wangeendelea hivyo hivyo mpaka Idd kama nisingesema, akaniambia. Hakusema asante, na mie sikuingoja. Kasema fomu ataiandika upya, ili anayefunga apangiwe saa zake badala ya kufungiwa mlango, kwa sababu mlango ukifungwa watu kama mimi wanapita dirishani.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemwambia Shangazi baada ya futari, akiwa ameshashiba. Nilisubiri hilo kwa hesabu zangu za kijinga, kama kwamba tumbo likijaa uongo unapungua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za magoti. Aliuliza kama dokta aliniruhusu kweli kufunga. Nikasema hapana. Akauliza kama Mungu aliniambia nimeze dawa namna ile. Nikasema hapana. Akasema ningeliacha kufunga kwa dawa ningezilipa siku zangu baadaye, hata yeye alilipa alipolazwa, na nani aliyenicheka? Au ningesubiri mwezi wa nne. Milango miwili ilikuwa wazi, mie nikapasua ukuta.

Kisha akachukua simu yake, akatafuta zile sauti alizowatumia watu.

"Mie nimewaambia wewe ni nani. Nimewaambia mtunguja ni sumu. Nimekuwa muongo nami sijui." Akanipa simu. "Waambie wewe. Kwa sauti yako. Wote kumi na mmoja."

Afnan akanishikia simu. Ya kwanza alikuwa anajizuia kucheka. Ya nne alikuwa hacheki tena. Ya saba ilikuwa ya baba yangu.

Ijumaa, 13 Machi

Hakuna jibu kutoka Wete.

Jumanne, 17 Machi

Damu. Ini linashuka. Baba kajibu: "Nimesikia." Basi.

Ijumaa, 20 Machi

Idd. Shangazi kanipa mkono wa Idd kama kawaida, kanishonea kanzu kama kawaida. Kaswalia kwenye kiti.

Jumanne, 31 Machi

Jaribio limerudi. Mie sirudishwi kwenye dawa, ila Dokta Mwende kaomba mkono wangu mara moja zaidi, bila kidonge chochote, apate mahali pa kweli pa kuanzia. Vipimo vyangu havitahesabiwa na vya wengine. Vitaandikwa pembeni, chini ya maelezo marefu ambayo watu waliosoma watayasoma wakitikisa vichwa.

Shangazi kasema anakuja nami. Basi, ngazi, treni, ngazi tena, anashuka ubavu ubavu akishika chuma, na mie nyuma yake nimebeba mkoba, simwambii pole kwa kuwa hapendi.

Mzee Darshan akamvutia kiti. Akanivua viatu mwenyewe, akavisukuma kando, akaviangalia vidole vyangu waziwazi.

Nikatia mkono. Sekunde ya tano nikasema "sasa". Nilikuwa nimepanga kuvumilia angalau dakika, dakika moja tu, ya heshima, na Shangazi yupo. Sekunde ya kumi na nane nikautoa.

"Kumi na nane," akasema Mzee Darshan, akaandika. "Hii naiamini."

Nikacheka, nikapuliza vidole. Nikasema ndoo ya leo imezidishwa barafu.  Shangazi alikuwa anaitazama ile ndoo.

Akauliza kama hii ndiyo wanayopimia maumivu ya watu. Mzee Darshan akasema ndiyo, mama. Akauliza kama mtu anaweza kujaribu. Mzee Darshan akamtazama Dokta Mwende mlangoni, kisha akafunga faili, akasema anaweza, lakini haitaandikwa popote.

Shangazi akakunja mkono wa buibui vizuri, mikunjo miwili, akatia mkono majini taratibu, kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Akakaa. Hakutabasamu, hakuuma meno. Akamuuliza Mzee Darshan kama Nakuru bado kuna baridi asubuhi. Wakazungumza baridi ya Nakuru. Nikaangalia vidole vya miguu yake ndani ya viatu vyake vyepesi vya kitambaa. Havikukunjika; labda kwa aliyeishi na yale magoti, barafu ni kitu kidogo.

Saa ya ukutani ilipita dakika moja, ikapita mbili. Nilikuwa nimesimama na taulo mkononi, nikingoja aseme "sasa".